Babu alisema alipanda treni "ya Makka". Kuna reli iliyowahi kufika huko?

MwanaKisosora

Assalamu alaykum wana jukwaa. Nina swali la historia, ila limeanzia kwenye ugomvi wa kifamilia.

Mwezi uliopita nilimpeleka mama umra. Tukiwa Madina, siku moja baada ya Alasiri tulitembea hadi upande wa Anbariya, na mama akasimama ghafla mbele ya jengo la mawe lenye matao, akanishika mkono. "Hii ndiyo stesheni ya babu," akasema. Nikadhani jua limempiga. Kumbe ni stesheni kweli! Sasa ni makumbusho, na vichwa vya treni vya zamani vimewekwa pale.

Babu yake mama alikuwa mtu wa Tanga. Alihiji akiwa kijana, kabla ya ile Vita ya Kwanza, na mama alimdiriki akiwa mtoto mdogo. Siku zote babu alikuwa akisimulia kwamba "alipanda gari moshi la Makka". Wajomba zangu wanacheka, wanasema watu wa pwani walikwenda hija kwa jahazi na meli na huko hakukuwa na reli yoyote, mzee alikuwa anawapiga fiksi wajukuu. Mama hataki kusikia.

Kwa hiyo naomba wajuzi: reli ile ilitoka wapi, ilikwenda wapi, na kwa nini imekufa? Na je, mtu wa Tanga angeweza kuipanda?

MzeeMataruma

Wa alaykumu salaam mwanangu, na mama mpe salamu zangu nyingi. Nimefanya kazi ya njia miaka 31. Nilianza na genge la Korogwe nikiwa kijana wa kubeba nyundo, nikamalizia Kidatu. Sasa nimestaafu, nina mbuzi sita na muda mwingi, na reli hiyo unayoiuliza nimeifuatilia kama wenzangu wanavyofuatilia mpira.

Wajomba zako wana haki kwa nusu. Treni ile haikufika Makka hata siku moja. Inaitwa Reli ya Hijazi, yaani nchi ya Makka na Madina. Ilitoka Dameski, mji wa Sham, ikaja kusini kupitia Deraa, Amman, Ma'an, Tabuk, Mada'in Salih na Al-Ula, ikaishia Madina pale mama aliposimama. Ni kilomita 1,300 hivi. Ukitaka kuipima kwa jicho, ni Dar mpaka Kigoma na chenji inabaki. Sultani wa Uturuki, Abdul Hamid wa Pili, alitoa amri mwaka 1900, na treni ikafunguliwa rasmi Madina tarehe 1 Septemba 1908. Miaka minane. Mjerumani huku kwetu alianza Dar 1905 na kufika Kigoma 1914, na yeye alikuwa na mvua, kuni na mito njiani.

Nia ilikuwa kwenda hadi Makka. Iliyoikwamisha ni siasa: kabila la Harb na wenzao waliokuwa wakiishi kwa kukodisha ngamia hawakuitaka, Sharifu wa Makka, mtawala wa kule, hakuitaka, na Sultani mwenyewe akapinduliwa 1909.

Upana wake ni milimita 1,050. Hapa wengine wataona nakaza mambo madogo, lakini mtu wa njia haulizi reli ni ndefu kiasi gani, anauliza geji. Zetu za TRC, zile za zamani, ni 1,000. TAZARA ni 1,067. Mimi pale Kidatu nimeona kwa macho yangu shehena nzima ikishushwa behewa hili na kupakiwa behewa lile kwa sababu ya milimita 67 tu. Sasa ile ya Hijazi ni 1,050, haiingiliani na yetu wala ya TAZARA. Na hawakuichagua kwa akili zao. Wafaransa walikwisha kujenga reli ya Beirut hadi Dameski kwa kipimo hicho, ikafunguliwa 1895, na vyuma vya Sultani vilikuwa vikiteremshwa Beirut. Ukitaka vichwa na mabehewa yapite kwa jirani, unafuata kipimo cha jirani. Baadaye Waturuki walichoka kumlipa Mfaransa nauli ya kila pande la chuma, wakachimba njia yao wenyewe kutoka bandari ya Haifa hadi Deraa, ikakamilika 1905. Njia hiyo inashuka bonde la Yordani mpaka mita 246 CHINI ya usawa wa bahari, kisha inapanda korongo la Yarmuk. Wahandisi wa kuchora njia ile walikuwa watu.

Mataruma, yale mapande yanayolaliwa na reli, sasa. Sehemu kubwa waliweka ya chuma, kama yale ya Mjerumani tuliyoyakuta njia ya Tanga. Kwetu sababu ni mchwa. Kule taruma la mbao linakauka na kupasuka, na zaidi ya hapo, jangwani mbao ni kuni. Ukiziacha usiku, asubuhi unakuta chai imechemka.

Nitaendelea kesho inshallah, macho yamechoka na simu.

Kijana_wa_Posta

Mzee mbona unazunguka, jibu ni jepesi. Lawrence, yule ofisa wa Kiingereza, aliilipua. Kuna filamu. Mwingereza akawapa Waarabu baruti, reli ikaisha. Mwisho wa habari.

Nyali_Lori

Salaam. Mimi ni wa Mombasa, nimeendesha lori Tabuk miaka sita, kwa hiyo hii nimeiona na macho, si filamu.

Dada, ukitoka Tabuk kushuka Mada'in Salih na Al-Ula, tuta la reli unalo pembeni karibu njia nzima. Reli zenyewe sehemu nyingi hazipo, zimeng'olewa zamani, lakini tuta limebaki kama mgongo wa nyoka, na vidaraja vyake vya mawe vimesimama vizuri kuliko vingine nilivyopita na lori. Kila baada ya kilomita ishirini hivi unakutana na stesheni. Si stesheni kama ya Voi yenye baraza la kungojea. Ni kijingome: ukuta mnene, madirisha membamba ya kupigia bunduki, ngazi ya kwenda kwenye paa, na birika la maji. Ukiingia ndani sakafu yote imechimbwachimbwa. Watu wanaamini Waturuki walifukia dhahabu. Nimeulizwa mara mbili na wenyeji kama mimi, kwa kuwa ni mgeni, sina "ile mashine ya kutafutia". Wallahi.

Vichwa vya treni pia vipo, kati ya Al-Ula na Madina, vimelala mchangani na kutu yao. Siku moja nilipumzika kwenye kivuli cha kimoja. Chuma kilikuwa moto mpaka nikahisi bado kinapikwa.

Na kule mashambani nimeona kipande cha reli kimefanywa boriti ya zizi la kondoo.

MzeeMataruma

Kaka Nyali, ahsante sana, umenipa raha. Hilo birika la maji usilipite haraka. Injini ya mvuke inakunywa kuliko ngamia, na ngamia anakaa siku na siku, injini haikai. Sehemu za kusini visima vilikuwa vichache na vingine maji yake ya chumvi, kwa hiyo treni ilivuta mabehewa ya matangi kwa ajili yake yenyewe. Yaani sehemu ya nguvu ya injini inatumika kubeba kinywaji cha injini. Makaa nayo yalitoka ng'ambo kwa meli.

Kijana wa Posta, mwanangu, umeuliza vizuri ingawa umeuliza kwa kiburi.

Ndiyo, kuanzia 1916 Waarabu wa Sharifu Hussein wakishirikiana na Waingereza waliishambulia sana, na Lawrence alikuwa mmoja wao. Si peke yake, kulikuwa na maofisa wengine na Bedui wengi ambao filamu haiwajui majina. Lakini nikwambie kitu kama mtu niliyebeba reli begani. Baruti ikilipua kipande cha reli, hiyo ni kazi ya genge moja, siku moja. Unaleta kipande kingine, unafunga, unapima geji, treni inapita jioni. Waturuki walikuwa na akiba ya reli na walikuwa wakifunga haraka mno. Kule kwetu katika vita hivyohivyo Wajerumani walikuwa wakivuka kutoka upande wa Taveta kutega mabomu reli ya Mombasa, 1915. Treni za Mombasa zilikufa? Hazikufa.

Waingereza wenyewe waliliona hilo, ndiyo maana wakaanza ujanja. Walilenga reli za kwenye kona, zile zilizokunjwa, kwa sababu iliyonyooka unaipata popote lakini iliyopinda lazima ikae na mpindo wa pale pale. Mwaka 1918 wakaanza kufukia baruti kidogo chini ya tumbo la taruma la chuma. Ikilipuka haikati kitu, inalivuta taruma juu kama ua la tulipu na reli mbili zinapinda nalo. Hapo genge linalia. Reli iliyokatika unaibadilisha. Iliyopinda hivyo, na taruma limekwisha pinda nayo, utaanza kung'oa kila kitu. Nilipoisoma hiyo mara ya kwanza nilikaa kimya kidogo. Huyo aliyeifikiri alikuwa anaijua kazi yetu.

Aprili 1918 wakang'oa vipande virefu kusini mwa Ma'an, Madina ikakatika na haikuunganishwa tena. Kamanda wa Kituruki, Fakhri Pasha, akabaki ndani na jeshi lake mpaka Januari 1919, vita vyenyewe vimekwisha miezi miwili kabla. Na wakati njia ingali inapitika, treni hizohizo alizitumia kuwatoa wakazi wengi wa Madina kuwapeleka Sham, na kupeleka Istanbul vitu vya thamani vya chumba cha Mtume (s.a.w.). Vingine viko kule mpaka leo. Watu wa Madina mpaka sasa wana jina la kipindi kile, safarbarlik. Kwa hiyo kwa baadhi yao ile stesheni nzuri aliyoitazama mama ni mahali bibi zao walipopandishwa kwa nguvu.

Lakini baada ya vita? Wangeweza kufunga. Vyuma vilikuwepo, tuta lilikuwepo, Nyali amekwambia madaraja yamesimama hadi leo. Kilichokosekana ni mwenye njia. Dola ya Kituruki ilivunjika. Siria akachukua Mfaransa, Palestina na Ng'ambo ya Yordani Mwingereza, Hijazi mfalme wake, halafu Wasaudi. Njia moja, mataifa matatu manne. Na kulikuwa na hoja ngumu: reli hii ilijengwa bila mkopo wa Ulaya. Fedha zilitoka kwa Waislamu. Wahindi walichanga sana. Mishahara ya watumishi wa Sultani ilikatwa, stempu ziliuzwa, hata ngozi za wanyama wa Idi ziliuzwa kwa ajili yake. Waliotoa walipewa nishani, ya dhahabu, ya fedha au ya nikeli kulingana na mfuko. Kwa hiyo ilikuwa wakfu. Sasa niambie, wakfu wa Waislamu wa dunia nzima, kipande kiko mkononi mwa Mfaransa, nani anatuma genge kusafisha mchanga Jumatatu asubuhi? Walikutana, walijadiliana, mchanga ukaendelea kuingia. Kule si lazima bomu. Upepo wa wiki mbili bila mtu mwenye koleo unatosha kufukia njia, na mvua moja kubwa ya bondeni inachukua tuta.

Miaka ya 1960 walianza kweli kuifufua sehemu ya kusini, vikaja vita vya 1967 kazi ikasimama. Kipande cha Jordan kilipata uhai kwa sababu ya fosfeti, wakajenga mchepuko kwenda bandari ya Aqaba 1975. Mzigo ulipata mwenyewe, njia ikapata mwenyewe.

Kijana_wa_Posta

Sawa Mzee, nimekubali kwenye kona. Ila Bedui unawasamehe? Reli ya kupeleka mahujaji, wao wanaing'oa?

MzeeMataruma

Siwasamehe wala siwahukumu. Zamani msafara wa Sham ulikwenda kwa ngamia siku 40 mpaka Madina. Ngamia wa nani? Wao. Maji kwenye visima vya nani? Vyao. Na Sultani alikuwa akiwalipa fedha kila mwaka, surra, ili msafara upite salama. Ikaja treni ya siku tatu nne. Ngamia hawakodiwi, na wakubwa wa Istanbul wakaona sasa ile surra ya nini tena. Mtu mmoja hapa kijijini kwangu alikuwa na boda boda kumi kwenye njia ya vumbi, ikajengwa lami na kuja kosta. Hakuing'oa lami, lakini sikwambii alichokuwa akiisemea.

Wajenzi wenyewe hawakuwa na raha. Vibarua wengi walikuwa askari, kwa maelfu, wanachimba mchana jua likiwachoma na usiku wanaganda. Mhandisi mkuu alikuwa Mjerumani, Meissner, wakampa cheo cha Pasha. Lakini kutoka Al-Ula kwenda Madina hakuna asiye Mwislamu aliyeruhusiwa, kwa hiyo kipande cha mwisho walikimaliza wahandisi Waislamu. Hilo halisimuliwi sana kwenye filamu za Kijana wetu.

Kusini ya Ma'an kuna mahali njia inateremka ukingo mkali wa mlima kuingia jangwani. Panaitwa Batn al-Ghul. Kwa Kiswahili ni Tumbo la Zimwi. Kila mara nikilitaja jina hilo wajukuu zangu wanasogea karibu.

MwanaKisosora

Mzee Mataruma, Kaka Nyali, Mungu awalipe. Nimemsomea mama yote, amesikiliza na birika la kahawa limepoa.

Lakini Mzee hujanijibu la babu. Angeweza kuipanda au la? Maana kama haikufika Makka basi wajomba wameshinda, na hilo halitavumilika hapa nyumbani.

MzeeMataruma

Nilikuwa nimekuwekea hilo mwishoni makusudi.

Kwenda Makka kwa treni, hapana. Mtu wa Tanga alishuka Jeddah kwa meli au jahazi, na kutoka Jeddah hadi Makka ni ngamia. Lakini akishamaliza hija akaenda ziara Madina, kati ya Septemba 1908 na vita vya 1914, mbele yake kuna stesheni na treni inayokwenda KASKAZINI. Angeweza kupanda mpaka Deraa, akashika tawi la Haifa, akafika bahari ya pili. Kutoka Haifa, chombo cha kwenda Port Said. Na Port Said, mwanangu, meli za kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki zilikuwa zikipita Suez na Aden, zikaja Mombasa na TANGA. Kijana mwenye fedha kidogo na hamu ya kuizuru Quds, yaani Yerusalemu, angeweza kuzunguka hivyo na kushuka mlangoni kwake.

Sasa muulize mama, babu aliwahi kutaja karantini? Mahujaji wa treni waliokuwa wakirudi kaskazini walizuiwa Tabuk kwa ukaguzi wa kipindupindu. Ila angalia, waliokwenda kwa meli kutoka kwetu walizuiwa pia, kwenye kisiwa cha Kamaran, Bahari ya Shamu. Kwa hiyo neno karantini peke yake halitoshi. Muulize kulikuwa na nini pembeni.

Nyali_Lori

Na muulize baridi. Tabuk miezi ya baridi usiku unavaa kila ulichonacho. Kamaran, kisiwa cha Yemen, mtu haombi blanketi.

MwanaKisosora

Nimemuuliza leo baada ya Magharibi, bila kumtajia Tabuk wala kisiwa, nisije nikamtia maneno mdomoni.

Nimesema tu, "Mama, babu alisema nini kuhusu kufungiwa?" Akafikiri. Akasema babu alikuwa akisimulia kwamba walishushwa wote kwenye treni, nguo zao zikachukuliwa zikapikwa kwenye mvuke, wakakaa siku kadhaa ndani ya ua. Kwamba usiku walilala wawili wawili mgongo kwa mgongo, na mwenzake alikuwa mzee wa Bukhara wasiyeelewana hata neno. Na kwamba waliporudishiwa nguo, kofia yake ya kazi ya mkono, ile aliyofuma mama yake, ilikuwa imesinyaa haimwingii kichwani tena.

Bahari hakuitaja kabisa. Nimemuuliza mara mbili.

MzeeMataruma

Alishushwa kwenye TRENI, mwanangu. Kamaran hakuna treni.

Mwambie mama ameshinda, ila arekebishe neno moja: gari moshi la Madina, si la Makka. Na kama kuna kasha la babu popote, angalieni karatasi zenye maandishi ya Kituruki cha zamani. Yanafanana na Kiarabu lakini maalim wa madrasa atayasoma bila kuyaelewa.

MwanaKisosora

Kasha liko Pangani kwa shangazi yake mama. Limefungwa na ufunguo hauonekani tangu mafuriko. Idi tunakwenda huko, nimemwambia mjomba mkubwa ndiye atakayebeba tindo.

Mama anauliza kama ile kofia inaweza kuwemo.